Kamukunji, Uwanja Uliogeuka Neno (Matembezi ya Eastlands, Sehemu ya Pili)

Anayetaka kuuelewa uwanja wa Kamukunji na aanzie safari yake Majengo, tena kwa miguu. Matatu ya kutoka katikati ya jiji la Nairobi itamfikisha upesi, lakini itamnyima nusu ya habari. Watu walioujaza uwanja huo katika siku zake kubwa hawakupelekwa na gari. Walishuka kwa nyayo zao kutoka Pumwani, Shauri Moyo, Bahati, Ziwani na Muthurwa. Ukaribu huo wa uwanja na milango ya wafanyakazi ndio uliolifanya jina lake liwatishe wakubwa wa serikali.

Majengo huamka mapema. Jua halijapanda, karai ya kwanza ya mahamri imeshaepuliwa, na karibu na Msikiti wa Riyadha wazee waliotoka kuswali alfajiri wanajuliana hali taratibu, bila haraka ya mjini. Mgeni anayetaka mwenyeji wa kumtembeza hana haja ya kutafuta ofisi. Na aketi hapo, aagize kahawa, aseme anakokwenda. Mzee mmoja atamuuliza, "Kamukunji ipi, mwanangu? Ya sufuria au ya mikutano?" Swali hilo ni la haki, kwa kuwa Kamukunji ni mbili, na mgeni ataziona zote kabla ya adhuhuri.

Jina Majengo nalo lina mambo yake. Liko Mombasa, liko Moshi, liko Dodoma, na popote lilipo hukumbusha mtaa ambao watu walijijengea wenyewe. Nairobi ilianza mwaka 1899 reli ilipofika, na kwa miaka ishirini ya mwanzo Waafrika wa mji huo waliishi katika vijiji walivyovianzisha bila kuomba ruhusa ya mtu: Pangani, Mji wa Mombasa, Maskini, Kaburini. Humo waliishi wapagazi wa misafara, askari waliomaliza utumishi, Waswahili wa pwani, Wamanyema, na wanawake waliotoka makwao kutafuta maisha. Wakuu wa mji hawakuvipenda vijiji hivyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 walipima ardhi ya Pumwani, iliko Majengo hii, wakataka Waafrika wakusanywe hapo, mbali na makazi ya Wazungu. Mtu alipewa kiwanja, akasimamisha nyumba yake kwa fito, udongo na bati, kisha akalipia ardhi ambayo haikuwa yake.

Ramani ya nyumba hizo ilisafiri kutoka pwani: ukumbi mrefu katikati, vyumba kushoto na kulia, ua kwa nyuma. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja, vilivyobaki akavipangisha. Mwanahistoria Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuhusu Nairobi ya kikoloni, ameonyesha kwamba sehemu kubwa ya wenye nyumba wa Pumwani walikuwa wanawake. Walizijenga au kuzinunua kwa jasho lao, na wengi wao walisilimu. Serikali iliwataka wanaume waje mjini kufanya kazi lakini haikujishughulisha na pa kuwalaza. Wanawake hawa ndio waliowalaza, wakawapikia, wakawafulia. Mtu akiulizwa Nairobi ilijengwa na nani, na awataje hawa pamoja na wahandisi wa reli.

Pangani ilidumu hadi mwishoni mwa miaka ya 1930, ikabomolewa, na watu wake wakahamishiwa nyumba za manispaa. Mtaa waliopewa unaitwa Shauri Moyo. Jina hilo halihitaji mfasiri.

Kabla ya kuondoka Pumwani mgeni ataonyeshwa Memorial Hall, ukumbi wa miaka ya 1920 uliojengwa kuwakumbuka Waafrika waliokufa katika Vita Kuu ya Kwanza. Wengi wa marehemu hao hawakushika bunduki. Walibeba. Jeshi la Waingereza lilipomkimbiza Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck katika Tanganyika hadi Msumbiji, mizigo yake ilikwenda kichwani mwa watu, na wapagazi hao walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Ulimi wa Kiswahili ukalichukua jina hilo ukalifinyanga upya: Dar es Salaam ikapata Kariakoo, Nairobi ikapata Kariokor, soko ambalo hadi leo liko mwendo mfupi tu kutoka Majengo. Kule mtaa wa maofisini, katika Barabara ya Kenyatta, iko sanamu ya mashujaa hao iliyosimamishwa mwaka 1928, kazi ya James Alexander Stevenson. Watalii huipiga picha. Lakini jina la Kariokor, linalotamkwa kila siku na makanga wa matatu, limewahifadhi wapagazi vizuri kuliko shaba.

Mgeni asilisahau jambo hilo la jina la mahali na neno la kila siku. Litarudi.

Kutoka Pumwani njia inateremka bondeni. Bonde hili nalo lilikuwa na siku zake. Machi 1950 Nairobi ilitunukiwa hadhi ya jiji kwa hati ya mfalme wa Uingereza, na shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Afrika Mashariki, East African Trade Union Congress, likawataka watu wasusie sherehe hizo. Viongozi wake walikuwa Fred Kubai, rais, na Makhan Singh, katibu mkuu, mzaliwa wa Punjab aliyelelewa Nairobi. Mnamo Mei 15 wote wawili walikamatwa. Kesho yake wafanyakazi wa Nairobi wakagoma, na kwa zaidi ya wiki moja wakawa wanakusanyika Pumwani na Shauri Moyo, wakidai viongozi wao waachiliwe na mshahara wa chini uwe shilingi 100 kwa mwezi. Polisi wakaja na mabomu ya machozi. Makhan Singh hakurudi uraiani hadi Oktoba 1961. Miaka kumi na moja na ushei alikaa kizuizini, muda mrefu kuliko Mzee Kenyatta mwenyewe, na bado wako Wakenya wengi waliomaliza shule bila kulisikia jina lake.

Miaka minne baada ya mgomo, alfajiri ya Jumamosi Aprili 24, 1954, wanajeshi na polisi waliizingira Nairobi nzima katika msako ulioitwa Operation Anvil. Mitaa ya Eastlands ilipekuliwa nyumba kwa nyumba. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa, wakachujwa mbele ya watoa habari waliofunikwa magunia usoni, na watu wapatao 20,000 wakasombwa hadi kambi kama Lang'ata, Mackinnon Road na Manyani. Iko mitaa ambayo jioni ya siku hiyo ilibaki kimya kama makaburi.

Soko la Gikomba halina kimya. Hapa mgeni hushauriwa asitangulie wala asibaki nyuma, abaki ubavuni mwa mwenyeji wake, maana marobota ya mitumba hupita mabegani mwa vijana wanaokimbia na sauti moja tu ya onyo: mzigo! Upande huu samaki wa kutoka ziwani, upande ule mbao, kule mashati ya Ulaya yamemwagwa juu ya turubai. Moto umeliunguza soko hili mara nyingi, ule wa Juni 2018 ukiua watu 15, na kila mara majivu hayajapoa wachuuzi wameshasimamisha vibanda vipya. Ni soko linalostahili makala yake peke yake, na halitaipata hapa.

Baada ya soko nyundo zinaanza kusikika.

Hii ndiyo Kamukunji ya sufuria. Mafundi wanafua bati na mapipa chakavu wakitoa karai, sufuria za kupikia shuleni, mikokoteni, visanduku vya pesa na yale masanduku ya bati ambayo karibu kila Mkenya aliyesoma shule ya bweni aliwahi kuliburura moja kutoka stendi ya basi hadi bwenini. Jirani hapo, Shauri Moyo, mafundi ndio waliolieneza jiko la makaa lenye udongo wa kuchomwa ndani, lililobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kuiga majiko ya Thailand na kupunguza makaa yanayotumika. Kwa miaka mingi watu hawa walifanya kazi pasipo paa, juani, na hapo ndipo lilipotoka jina jua kali. Katikati ya miaka ya 1980 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea, na baada ya ziara hiyo serikali ikawajengea vibanda. Leo neno jua kali limo katika sera za serikali na vitabu vya uchumi, likimaanisha sekta nzima isiyo rasmi. Mahali hapa pana tabia ya kuzaa maneno.

Sasa uwanja wenyewe. Mgeni anayetarajia nguzo na chemchemi atashangaa. Mbele yake ni ardhi tupu yenye nyasi za hapa na pale na vumbi jekundu la kiangazi. Watoto wanacheza mpira. Mhubiri ana kipaza sauti. Mtu aliyechoka amejilaza chini ya mti, kofia usoni.

Kwa kulinganisha, mji wa Prague, katika Jamhuri ya Cheki, una uwanja uitwao Wenceslas, na Mkenya anayeutembelea hupewa kiongozi wa kumwonyesha kila jiwe. Una urefu wa mita 750 hivi, ni barabara pana kuliko uwanja, na juu yake imesimama sanamu ya Mtakatifu Wenceslas akiwa amepanda farasi, nyuma yake Makumbusho ya Taifa. Kiongozi atamwonyesha alipojichoma moto mwanafunzi Jan Palach mnamo Januari 16, 1969, kupinga uvamizi wa majeshi ya Kisovieti. Atamwonyesha roshani ambayo Václav Havel na Alexander Dubček waliwahutubia watu Novemba 1989, siku utawala wa chama kimoja ulipokuwa unaanguka. Na kama ni kiongozi mzuri, atamwambia pia kwamba uwanja huo ulipopimwa mwaka 1348 uliitwa Soko la Farasi. Kwa karne tano watu walikwenda pale kununua wanyama. Siasa ilifuata soko, kwa sababu umati ulikuwa umeshazoea njia.

Prague inafaa kutajwa Eastlands kwa sababu nyingine kubwa zaidi. Habari za Novemba na Desemba 1989, za Prague, Berlin na Bucharest, zilifika Nairobi kwa redio na magazeti, na mnamo Januari 1, 1990, Kasisi Timothy Njoya wa Kanisa la Presbiteri alihubiri mahubiri ya mwaka mpya akiuliza kama tawala za Afrika za chama kimoja zingedumu baada ya zile za Ulaya Mashariki kuanguka. Mawaziri walimshambulia vikali. Kenya ilikuwa nchi ya chama kimoja kwa sheria tangu Juni 1982, kupitia kifungu cha 2A cha katiba, na kuupinga mfumo huo hadharani kulihitaji moyo.

Mnamo Mei 3 mwaka huo Kenneth Matiba na Charles Rubia waliwaita waandishi wa habari wakadai vyama vingi. Wote walikuwa wamewahi kuwa mawaziri, na Rubia ndiye Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Nairobi. Matajiri hawa wangeweza kukodi ukumbi wa hoteli. Kwa mkutano wao walichagua Kamukunji, na tarehe wakachagua Julai 7, saba ya mwezi wa saba. Watanzania huijua Sabasaba kama siku ya kuzaliwa TANU mwaka 1954 na maonyesho ya biashara ya Dar es Salaam. Wakenya wana Saba Saba yao, na ilianza hapa.

Leseni ya mkutano ilikataliwa. Mnamo Julai 4 Matiba na Rubia walikamatwa na kuwekwa kizuizini, na siku hizo hizo Raila Odinga naye pia, pamoja na mawakili kadhaa. Kwa hesabu ya wakuu wa serikali mkutano ulikuwa umekwisha, maana hakukuwa na msemaji aliyebaki. Jumamosi ilipofika watu wakaenda hivyo hivyo. Walishuka kutoka mitaa ileile iliyosakwa mwaka 1954, wakainua vidole viwili, ishara ya vyama vingi. Polisi wakawatawanya kwa rungu na mabomu ya machozi, na ghasia zikasambaa katika mitaa ya Nairobi na miji mingine kwa siku kadhaa, risasi za moto zikatumika. Watu wasiopungua 20 walikufa na zaidi ya 1,000 walikamatwa. Matiba alipatwa na kiharusi akiwa kizuizini, na afya yake haikurudi kamwe hadi alipofariki mwaka 2018.

Hiyo ni Jumamosi ya kwanza. Ya pili ni Novemba 16, 1991. Agosti ya mwaka huo wazee na wanasiasa sita walikuwa wametangaza vuguvugu la FORD: Jaramogi Oginga Odinga, Masinde Muliro, Martin Shikuku, Ahmed Bamahriz, Philip Gachoka na George Nthenge. Nao wakaitisha mkutano Kamukunji, nao wakanyimwa ruhusa, nao viongozi wakakamatwa, na umati ukaja tena. Siku kumi baadaye, huko Paris, nchi wafadhili zikasimamisha misaada mipya kwa Kenya. Desemba 3 wajumbe wa chama tawala, KANU, wakakutana Kasarani, Rais Moi akakubali, na Desemba 10 Bunge likakifuta kifungu cha 2A.

Wako wanaosema mabadiliko hayo yaliletwa na wafadhili. Pesa ilikuwa na uzito wake, hakuna wa kukataa. Lakini Paris isingekuwa na la kujadili kama Eastlands ingekaa nyumbani.

Jumamosi ya tatu ilikuwa Januari 18, 1992, na safari hii leseni ilitolewa. FORD ilifanya mkutano wake halali wa kwanza papo hapo Kamukunji, na umati ukajaza uwanja, ukajaza barabara, ukapanda miti na mapaa. Kwamba FORD ilipasuka vipande kabla ya mwaka kwisha, na kwamba Moi alishinda uchaguzi wa Desemba 29, ni kweli pia, na ni habari ya uchungu. Uwanja hauna lawama katika hilo.

Jumamosi zote hizo si bahati nasibu. Mfanyakazi wa Nairobi wa enzi hiyo alitoka kazini Jumamosi mchana, mshahara wa juma mfukoni, akapita Gikomba kununua kitu. Aliyechagua siku na mahali alikuwa anaijua ratiba ya maskini wa mji.

Na hapo ndipo neno linarudi. Kariokor lilikuwa jina la kikosi likageuka mahali. Kamukunji lilikuwa mahali likageuka neno. Leo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakitaka kujadili karo huitisha kamukunji. Wabunge wakitaka kusemezana nje ya kikao rasmi huitisha kamukunji, na spika huitangaza hivyo bila kueleza maana, kwa kuwa kila Mkenya anaijua: ni mkutano ambao mtu yeyote anaweza kusimama akasema. Si viwanja vingi duniani vilivyopata heshima hiyo. Wenceslas bado ni jina la mtakatifu.

Sheria nayo imebadilika. Marekebisho ya mwaka 1997 yaliondoa leseni ya mikutano na kuacha taarifa kwa polisi, na kifungu cha 37 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Hata hivyo Julai 7, 2025, miaka 35 kamili baada ya Saba Saba ya kwanza, vijana wa Nairobi waliingia barabarani tena, na Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ya Kenya ikahesabu vifo zaidi ya 30 nchini. Wengi wa vijana hao hawakuwa wamezaliwa mwaka 1990. Tarehe waliijua.

Mwandishi wa makala haya ana ombi kwa walimu wa historia wa Nairobi. Kila mwaka mabasi ya shule huwapeleka watoto Fort Jesus na Gedi, safari nzuri na ya gharama. Kamukunji iko ndani ya jiji. Darasa la Buruburu au Umoja linaweza kwenda na kurudi kabla ya chakula cha mchana, na wazee wa Majengo walioiona Saba Saba kwa macho bado wapo, ingawa kila mwaka wanapungua. Wapelekwe watoto wakawasikilize, na wachukue daftari.

Sehemu ya tatu itavuka Barabara ya Jogoo hadi ukumbi wa Kaloleni, ambako Jumapili ya Aprili 23, 1950, Makhan Singh alisimama akadai uhuru kamili wa nchi za Afrika Mashariki, wiki tatu kabla ya kukamatwa.